Hapo Ndipo Kuku Alipoingia

Juzi walikuja wasichana watatu barazani kwangu hapa Masoko, wamevaa vizuri, wana adabu zao, shikamoo nyingi. Wanataka niwafundishe udijei. Nikafurahi, nikawapa viti. Mmoja wao, kwa nia njema kabisa, akasema: "Dada, sisi tunataka tujue kupiga kama ile miksi ya Dijei Kombora. Ile ya kinu."

Niliweka kikombe chini ili nisikirushe.

Basi naandika. Nyie wasichana watatu, na wengine wote mnaobeba ile miksi kwenye simu zenu, kaeni. Mimi ni Mama Nasra, dijei mstaafu. Ndiyo, mstaafu, na sijafika miaka thelathini. Chekeni mmalize. Sikio la kushoto halifanyi kazi tena, nitawaeleza. Lakini miksi ile ni yangu. Niliitengeneza mimi, mtoto mgongoni, na kuna kuku mmoja ambaye ni shahidi wangu.

Kwanza mjue kazi yenyewe, maana mnadhani udijei ni miwani ya jua na kunyoosha mkono juu.

Nilianzia kwenye kibanda cha Kombora pale jirani na stendi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yamekuja kama yalivyokuja, tumbo limeanza kuonekana. Baba Nasra alikwenda Mtwara kutafuta kazi. Bado anatafuta. Kombora alikuwa anawawekea watu nyimbo kwenye memori kadi na kukodisha spika kwa harusi, akanipa kiti mbele ya kompyuta. Kutwa nzima watu wanakuja: niwekee taarabu, niwekee singeli, niwekee kaswida za mama. Kwa kazi ile nilisikia muziki mwingi kuliko mtu yeyote niliyesoma naye.

Na silifichi hili: Kombora ndiye aliyenifundisha. Alikuwa fundi. Alinivika hedifoni upande mmoja tu, akasema, "Sikio hili lisikilize wimbo unaokuja, hili lisikilize wimbo uliopo. Wewe ni mtu wa kati. Ukipendelea upande mmoja umeharibu." Akanionyesha kile kitufe cha kuteleza cha spidi, kwamba unakisukuma kidogo, kama unamsogeza mtoto aliyelala. Nilipokisukuma kwa nguvu alinipiga kofi mkononi. "Unafungua mlango wa gari? Taratibu!"

Miezi minne sikuweza. Nyimbo mbili zikikutana kwangu zilikuwa zinagombana kama mbuzi ndani ya gunia. Kombora akasema labda nirudi kwenye kuweka kaswida.

Jibu nilipata nyumbani. Mama yangu, Bi Salima, na mama yangu mdogo Zuhura walikuwa wanatwanga mpunga kwenye kinu kimoja. Mnajua wanavyofanya: michi miwili, kinu kimoja, huyu akipanda yule anashuka. Nimeliona jambo hilo tangu sijui kutembea. Siku ile nikaliangalia kwa macho mapya. Hakuna anayemtazama mwenzake! Wanapiga soga, wanawasema watu, na michi haigongani. Mama akichoka anapunguza, na mama mdogo anapunguza naye bila kuambiwa. Nikauliza, "Mama, mnajuaje?"

"Tunajua nini?"

"Kwamba msigongane."

Akanitazama kama nimemuuliza anajuaje kumeza. "Unaingia pale mwenzio alipopaacha. Sasa wewe utapiga alipo yeye, una wazimu?"

Wasichana, andikeni hilo. Udijei wote ni huo. Unaingia pale mwenzio alipopaacha. Kesho yake nilikwenda kibandani, nikaacha kutazama ile mistari ya kwenye kompyuta, nikafumba macho, nikauchukulia wimbo wa kwanza ni mama na wa pili ni mama mdogo. Zikashikana! Nilipiga ukelele mpaka kondakta mmoja akachungulia dirishani kuuliza kama nimepigwa shoti.

Sasa tuje kwenye tekno, ule muziki wa mashine wa Ulaya.

Kuna mgeni alilala gesti ya jirani, alikuja kutazama magofu ya Kisiwani, akaleta flashi kibandani ahamishiwe picha. Akaisahau. Wiki, mwezi, hakurudi. Mle ndani mlikuwa na nyimbo kumi na moja za ile tekno wanayoiita minimo, maana yake imebaniwa, imepunguzwa mpaka ikabaki mifupa. Nikaweka wa kwanza. Du. Du. Du. Du. Halafu kitu kama chumvi inamwagika. Halafu du tena. Dakika mbili zinapita hakuna anayeimba. Kombora akauliza, "Mbona hauanzi?"

"Umeshaanza."

"Umeanza wapi? Huo ni mlango unagongwa."

Lakini mimi mwili ulinisisimka. Kwa sababu nilisikia nafasi. Nyimbo zetu tunazijaza, tunashindilia, kila tundu tunaweka mtu apige kelele. Hii ilikuwa na nafasi kati ya pigo na pigo, na kwenye ile nafasi mimi nilisikia mchi wa pili unakosekana. Ule muziki ulikuwa unatwanga peke yake! Ulikuwa unamsubiri mwenzie!

Kabla sijawaambia nilichofanya, niwape kosa langu, msilirudie. Nilipata harusi ya kwanza peke yangu kule Kipatimu. Barabara ile mnaijua; nilishuka kwenye gari mgongo umehama na nusu ya waya zimechomoka. Nikafunga spika, na kwa kiburi nikaanza na tekno ya mgeni. Akina mama wamevaa sare, wamejipanga kuingia na zawadi, wanasubiri wimbo. Du. Du. Du. Wanasubiri. Shangazi wa bwana harusi akaja kwangu na vitenge vyake kichwani, kwa upole akaniuliza, "Mwanangu, redio imeharibika? Tukuitie fundi?" Nikasema ndio muziki wenyewe. Akawageukia wenzake akawatangazia kwa Kimatumbi, na ukumbi mzima ukacheka mpaka bibi harusi akainua shela kuona kuna nini. Niliweka taarabu haraka sana. Funzo: usimlishe mtu chakula asichokiomba siku ya sherehe yake. Mpe chake kwanza. Chako kipe siku yake.

Basi siku yake nikaitafuta. Nikasema natengeneza miksi nzima, saa moja, albamu kamili, haikatiki mahali. Nyimbo kumi na moja za mgeni, na katikati yake kinu cha mama yangu. Nyimbo hazikuwa zangu na sikuwahi kusema ni zangu. Changu kilikuwa namna zinavyoshikana, na kinu.

Nilirekodi asubuhi. Simu niliifunga kwa kamba kwenye boriti ya banda la jiko, juu kidogo ya vichwa vyao, maana ukiiweka chini inameza mtikisiko wote na inatoa mngurumo tu. Nikaitandikia kitambaa cha kanga nyuma yake ipunguze upepo. Hayo ni maarifa, chukueni. Mama na mama mdogo wakatwanga hawajui kama wanarekodiwa. Ningewaambia wangeanza kutwanga kwa madaha. Kinu cha mama ni cha mninga, kina ufa upande mmoja, kwa hiyo mchi ukishuka unasikia mlio mzito na juu yake kajimlio kakavu, ta. Du-ta. Du-ta. Huwezi kuupata kwenye kompyuta yoyote.

Katikati ya kazi kuku akaingia. Kuku wa jirani, mwizi mzoefu, akaenda moja kwa moja kwenye mpunga uliomwagika. Mama akabaki na mchi hewani, akamfokea, mama mdogo naye akasimama. Mapigo manne hayakupigwa. Halafu wakarudi. Nilipopima kwenye kompyuta nilirudia mara tatu: walirudi palepale, pigo la tano mahali pake, kama hawakuacha. Walikuwa wanahesabu ndani huku wanamtukana kuku! Nikakata ile kelele, nikabakiza kimya. Nikaiweka dakika ya thelathini na nane. Kila kitu kinatembea, kinatembea, halafu kinu kinanyamaza mapigo manne, mguu wako unabaki hewani, halafu du-ta.

Wiki saba nilifanya kazi ile. Asubuhi kabla Kombora hajafika, Nasra mgongoni, namshusha ananyonya, analala, anatapika begani kwangu, mimi nasukuma kitufe kwa kidole kimoja. Nilipomaliza nililia. Nikaliita faili "Kinu", basi. Sikuweka jina langu.

Hapo ndipo nilipojikata mwenyewe. Mnajua miksi zetu. Kila dakika mbili lazima sauti ipige kelele, Dijei fulani, Dijei fulani, kama mtu anayeuza samaki. Mimi nikasema hapana, nikiweka sauti nafasi itakufa. Kwa mawazo ya muziki nilikuwa sahihi. Kwa mawazo ya dunia nilikuwa mjinga.

Bibi yangu akafariki Milola. Tukaenda matangani, Nasra akashikwa na homa hukohuko, nikakaa karibu mwezi. Siku ya kurudi nashuka stendi, begi mkono mmoja, mtoto mkono wa pili, inapita bodaboda na spika yake. Du-ta. Du-ta. Nikasimama katikati ya barabara. Kinu cha mama! Furaha ilinipanda mpaka nikaanza kucheza na mtoto mkononi. Halafu ikafika kwenye kile kimya, mapigo manne matupu, na ndani yake sauti ya mtu: "Diiijei KOMBORA!"

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kibandani na begi langu.

"Karibu, pole na msiba," anasema, anatabasamu.

"Toa jina lako kwenye miksi yangu."

"Ipi yako? Faili limekaa kwenye kompyuta yangu, halina jina. Mimi nimelipa jina. Nimekusaidia."

"Kombora, wewe ulisema huu ni mlango unagongwa!"

"Sasa umefunguliwa." Akacheka. Alikuwa na wateja wawili, akaona afadhali acheze kwao. "Dada, miksi bila jina ni kama kanga bila maneno. Nani anavaa kanga isiyo na maneno? Watu wangeifanyia pazia."

Wale wateja wakacheka. Nasra akaanza kulia. Nikatoka, na hasira niliyotoka nayo mpaka leo ipo, haijapungua hata kijiko. Kila nilikokwenda ilikuwa inalia: kwa kinyozi, kwenye boti, kwa wakaanga pweza. Vijana walikuwa wameshajifunza, ikifika dakika ya thelathini na nane wote wanasimama kama wamegandishwa, wanapiga kelele "Kombora!", halafu wanaendelea kucheza. Jina lake lilikuwa linatamkwa ndani ya pumzi ya mama yangu. Na niliowaambia ni yangu walinitazama mimi, wakamtazama mtoto, wakasema, "Haya dada."

Ikaja habari kwamba Lindi mjini kuna maonyesho ya wakulima, wanataka dijei wa huku kwetu, na wamesikia miksi ya kinu. Mtu wa kamati atakuja kumtazama Kombora siku ya Jumamosi, kwenye bonanza la mpira. Akipita, basi. Limekwisha. Jina lake litaandikwa kwenye bango na mimi nitabaki mwendawazimu wa stendi.

Jumamosi ile mama alikuwa anauza kalimati pembeni ya uwanja, mimi namsaidia, nimejifunga kanga usoni karibu nikose pumzi, sitaki kumwona mtu. Alasiri, jua bado kali, mpira umeisha, Kombora akapanda jukwaani. Akaiweka. Mjue kwamba mama hakuwahi kuisikia. Yeye kwenye bodaboda hapandi, simu yake ni ya kitochi. Spika zikafunguka.

Mama akaacha kukoroga shira.

"Mwanaidi," akaniita kwa jina langu, jambo ambalo halifanyi tangu nizae. "Mbona kinu changu kiko kwenye redio?"

Jirani yetu aliyekuwa anauza mihogo hapo kando akadakia, "Ndicho! Nasikia ule ufa. Nilisema mimi, hiki kinu nakijua!" Na mwingine nyuma yake: "Ndio cha Bi Salima hicho, kila alfajiri kinaniamsha."

Wasichana, niliwahi kufikiria ushahidi wote wa duniani, nikasahau kwamba mtaa mzima unajua mlio wa kinu cha nani ni upi.

Mama alishavaa ndala. Alikatiza uwanja na mwiko wa kalimati mkononi, mimi nyuma yake, Nasra kwa mama muuza mihogo. Akafika jukwaani wakati ule ule muziki unaingia kwenye kimya. "Diiijei KOMBORA!" Watu wakaganda, wakashangilia. Mama akamwonyesha mwiko.

"Wewe. Zima."

Kombora akapunguza sauti. Mama mtu mzima, angefanyaje? "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hapa uliponyamaza. Kwa nini umenyamaza?"

Mshereheshaji naye, mtu wa vituko, akamsogezea Kombora kipaza sauti asikike. Kombora akanyoosha kola. "Mama, huo ni ufundi. Unamnyima msikilizaji kidogo ili apate hamu. Niliufikiria muda mrefu sana."

"Ufundi?"

"Ndiyo mama."

"Ufundi gani? Hapo ndipo kuku alipoingia!"

Mtu mmoja akacheka, halafu kumi. Kombora naye akacheka, akasema kwenye kipaza sauti, "Kuku gani tena, mama? Ushahidi uko wapi?"

Ndipo akili ikanirudi. Simu yangu, ile ile yenye kioo kilichopasuka, ilikuwa kiunoni. Rekodi ya asubuhi ile, nzima, haijakatwa, sikuwahi kuifuta. Mwezi mzima nalia na ushahidi nimeufunga kwenye pindo la kanga! Nikapanda. Kombora akanizuia na bega. Mtu wa kamati akasema, "Mwache." Nikachomoa waya wake, nikachomeka wangu, kwa haraka nikakosa tundu mara mbili.

Du-ta. Du-ta. Du-ta. Halafu, kwenye spika za uwanja mzima, sauti ya Bi Salima: "Shaa! We kuku we! Toka, mwizi mkubwa, nitakutia kwenye wali huu huu!"

Du-ta.

Jamani! Ule uwanja! Nimepiga Lindi, nimepiga Mtwara, sijasikia tena kelele ile. Watu walilala chini. Mshereheshaji aliangusha kipaza sauti. Wakapiga kelele irudiwe, nikairudisha, na mara ya tatu uwanja mzima ulifoka pamoja na mama: "Shaa! We kuku we!" na pigo la tano lilipodondoka wote wakadondoka nalo, wamama wa mihogo, wacheza mpira, refa. Mama yangu amesimama katikati na mwiko wake, anauliza, "Wanacheka nini? Alikula vibaba viwili yule!"

Kombora aliivua hedifoni shingoni. Alinipa mkononi. Hakuomba radhi, msingoje hilo. Alisema kitu kimoja: "Ungeniambia kuna kuku, nisingejiweka pale." Mtu wa kamati akaniuliza jina langu, akaliandika.

Nikaenda Lindi na Nasra mgongoni. Miaka mitano nikafanya kazi, na kila siku ya miaka hiyo nilisimama mbele ya spika badala ya nyuma yake, hedifoni upande wa kushoto, sauti juu, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Sikio lilianza kulia kama nyenje, nikalizoea. Halafu likanyamaza. Daktari akasema hili halirudi, linda lililobaki. Kwa hiyo nyie: simameni nyuma ya spika, badilisheni sikio kila saa, na mkisikia nyenje zimeni siku hiyo hiyo. Nimewaambia. Hakuna atakayesema hakuambiwa.

Lakini ile nakala ya Kombora ilishasambaa, ndiyo hiyo mliyo nayo, ndiyo maana juzi mmekuja kunitia hasira barazani kwangu. Basi nimetengeneza nyingine. Ni saa ile ile, nyimbo zile zile, kinu kile kile. Jina langu bado sijaliweka. Dakika ya thelathini na nane nimemrudisha mama, na ukali wake wote, na kuku. Huyo ndiye atakayenitaja, maana mtaa mzima unaijua sauti yake.

Njooni Jumatatu asubuhi muichukue. Futeni ile ya zamani mbele yangu, nione. Kompyuta msije nayo, tutaifikia. Kila mmoja aje na mchi.